Gari la Katikati ya Mlima

Watu wengi walipeleka magari yao kwa fundi mjini Nakuru asubuhi, wakayachukua jioni, wakaenda zao. Sisi hatukuwa watu wa hivyo. Gari letu lilitengenezewa kando ya barabara, katikati ya mlima wa Sachangwan, pale malori yanapojitoa pembeni kupoza breki. Aliyelitengeneza alikuwa mzee Singasinga mwenye ndevu nyeupe, aliyevaa koti la suti kuukuu juu ya ovaroli yake ya kazi. Alisema baridi ya huko juu haina adabu kwa wazee.

Lilikuwa gari la saluni la Kijerumani, rangi ya maziwa, umri wake sawa na wangu. Halikuwa na kabureta kama magari ya majirani. Lilikuwa na injekta, lakini za zile siku za zamani, zisizojua kompyuta ni nini. Ndani ya njia ya hewa mlikuwa na sahani ya chuma, upana wake kama kisosi. Injini ikivuta hewa, sahani inainuka, na ikiinuka inasukuma kijiti kinachofungulia petroli. Ni petroli kiasi gani kwa hewa kiasi gani, hilo liliamuliwa na skrubu moja ndogo iliyojificha ndani ya tundu lisiloingia hata kidole cha mtoto. Uliifikia kwa ufunguo mwembamba, mrefu, wa pembe sita. Ukiizungusha kulia, injini inashiba. Ukiizungusha kushoto, inabaki na njaa. Na kuzungusha kwenyewe ni kwa upana wa ukucha tu, si zaidi.

Taabu ilikuwa kwamba sisi tuliishi juu, kwenye viazi na kondoo na ukungu, upande wa Molo, na shughuli zetu zote zilikuwa Nakuru chini. Hewa ya chini ni nzito, ya juu ni nyepesi. Fundi akiliweka sawa gerejini mwake Nakuru, gari likifika kwetu linatoa moshi mweusi na kunywa petroli bila haya. Akiliweka sawa uani kwetu, likishuka Nakuru linakohoa na kukosa nguvu. Mafundi watatu walishindwa, kila mmoja akimlaumu aliyemtangulia, mpaka baba akampata huyu mzee. Yeye alisikiliza maelezo yote, akauliza swali moja tu: nusu ya safari ni wapi?

Basi ikawa desturi. Mara mbili kwa mwaka baba alimchukua mjini, wakapanda naye mlima ili injini ipate moto wa kweli, wakasimama katikati. Mzee aliinamisha kichwa na kungoja malori yapite. Akapitisha kidole na kuinua ile sahani kidogo sana: injini ikichangamka, ilikuwa na njaa, ikiyumba, ilikuwa imeshiba. Akazungusha, akachomoa ufunguo, akasikiliza. Kisha alifungua plagi na kuitazama mdomo wake. Ikiwa nyeusi, petroli ni nyingi. Ikiwa nyeupe, ni kidogo. Alitaka rangi ya chai ya maziwa. Akiipata, alirudisha kizibo cha tundu na kukipaka tone la rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu iliyokolea, ili ajue kama kuna mtu atakayeingiza mkono. Baadaye walikaa juu ya jiwe, yeye na baba, wakanywa chai ya chupa na kubishana juu ya siasa mpaka chai ikaisha. Ninapokumbuka wazee wawili wenye furaha, ni hao ninaowaona.

Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, awe mkubwa au mdogo. Kusifu pia kulikuwa kugumu kwake. Aliyesifiwa na baba alikuwa mtu mmoja tu, naye ni fundi.

Miezi ile ya ghasia, mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, sitaisimulia hapa. Wameisimulia waliopoteza zaidi kuliko sisi. Nitasema tu kwamba barabara ilifungwa baba akiwa Nakuru, na kwa siku kumi na tisa alikaa nyumbani kwa fundi, akilala kwenye kitanda cha mtoto wa fundi aliyekuwa Uingereza, akila chapati na dengu. Mama alipomwona akirudi alilia, kisha akamwambia amenenepa. Lakini yule mtoto wa Uingereza naye aliona habari kwenye televisheni, akaanza kupiga simu kila siku. Ilipofika mwezi wa sita fundi alikuwa amekubali. Mwishoni mwa Agosti yeye na mkewe wangehama moja kwa moja.

Walipanda mlima mara ya mwisho mwezi huo wa sita. Nilikuwa nao. Fundi alichukua muda mrefu kuliko kawaida, na alipomaliza alimwambia baba, "Mwalimu, hii nimeweka ya miaka. Mtu asiguse."

Mimi niligusa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Njoro, nina digrii ya fizikia, na sina kazi. Nilikuwa nyumbani nikikamua ng'ombe na kununa. Kila asubuhi gari lilipowashwa lilitoa wingu la moshi mweusi lililokwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo za mama, naye mama kila asubuhi alilalamika. Nilimweleza baba kisomi kabisa kwamba kwa hewa ya hapa kwetu petroli imezidi, na kwamba ningeweza kuirekebisha mwenyewe kwa nusu saa. Alinisikiliza huku akifunga kamba za viatu.

"Fundi amesemaje?" akauliza.

"Hajasema kitu, Baba. Mimi ndiye ninasema."

"Basi ngoja aseme."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Leo naweza kuliita jambo hilo kwa jina lake: nilikuwa na wivu. Miaka minne nilisomea vitu ambavyo yule mzee alivijua kwa kidole, na baba yangu mzazi alikiamini kidole.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Agosti, baba akiwa amepeleka maziwa, niliwasha gari na kuliacha lingurume dakika ishirini, kama nilivyomwona fundi akifanya. Nikabandua kizibo. Nikaingiza ufunguo niliouazima, nikazungusha kushoto, kidogo, nikasikiliza. Tena kidogo. Robo nzima ilipotimia, injini ililainika ikawa inanguruma kama paka aliyelala jikoni. Moshi ulikwisha. Nilirudisha kizibo na kukipaka tone la rangi yangu mwenyewe ya kucha, ambayo nayo ilikuwa nyekundu, na nyekundu kwangu siku hiyo ilikuwa moja tu.

Kesho yake baba aliwasha gari, akashuka kwenda kutazama nyuma ya ekzosi, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Leo limeamka vizuri," akamwambia mama. "Nilikwambia litatulia. Yule mzee ana mkono."

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sifa yangu, imekwenda kwa mwingine, nami niliionea uchungu. Lakini niliona ni vizuri zaidi ningoje. Wiki mbili zipite, baba azoee, kisha nimwambie mbele ya chai: huyo unayemsifu ni mimi. Nililipanga jambo hilo kichwani mpaka nikajua hata nguo nitakayovaa.

Alhamisi iliyofuata baba na mama walishuka Nakuru kununua chakula cha ng'ombe. Kushuka kulikuwa kwema, maana mteremko hauulizi nguvu. Mjini gari lilikohoa kohoa, baba akadhani ni petroli chafu. Walipopita Salgaa, chini ya mlima, wakirudi, na magunia manne nyuma, mlima ukaanza kudai. Gari likawa linaruka na kukwama, likapiga mlio kama bunduki ndani ya boneti, likazima kwenye kona, nyuma yao lori la trela. Dereva wa trela alikwepa. Baba alibaki amekanyaga breki ili gari lisirudi nyuma, na mama, mwenye miaka sitini na goti bovu, ndiye aliyeshuka kuvunja matawi na kuyatandika barabarani ili wanaopanda wajue kuna gari limekufa. Alitandika matawi malori yakimpita kwa upana wa mkono. Walivutwa hadi nyumbani na trekta la jirani. Mama alipoketi jikoni, kikombe kilimgonga meno, na nilijua ni nani aliyemfanyia hivyo.

Baba alipiga simu akiwa amesimama. "Njoo uone kazi yako," akasema, akakata.

Fundi alifika asubuhi iliyofuata kwa pikapu ya kuazima, ijapokuwa nyumba yake ilikuwa imejaa masanduku. Alimsalimia mama kwanza, akamshika mikono yote miwili. Kisha akafungua boneti, akainama, akatazama kile kizibo. Akakitazama kwa muda. Rangi ya mkewe ilikuwa ya damu ya mzee; yangu ilikuwa ya pilipili. Aliinua macho, hakunitazama usoni. Alinitazama kucha. Nilivuta mikono ndani ya sweta, nimechelewa.

Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mawazo yako yalikuwa yameshapanda ndege," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Miaka hii yote nimewaambia watu kwamba huyu ni fundi, na siku ya mwisho unanifanyia kazi ya mtu aliyechoka. Mke wangu nusura auawe, unasikia? Ningemwambia nini Mungu?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Fundi akawahi.

"Ndiyo, mwalimu," akasema. "Ni mimi. Nilikaza vibaya."

"Umezeeka."

"Nimezeeka, mwalimu."

Baba aliingia ndani. Chai haikutolewa. Kwetu hata mtoza kodi hupewa chai. Mama alitaka kuleta, baba akamwita ndani kwa sauti niliyoijua tangu shuleni, na mlango ukafungwa. Nilibaki uani na yule mzee, nimekauka kama kuni.

"Beti," akaniambia, kwa lile neno lao la kumwita binti, "panda. Mimi siwezi kuweka hii hapa, unajua."

Tulishuka polepole mpaka katikati ya mlima, nikiendesha mimi. Alinisimamisha mahali pale pale. Sikuwa nimezima hata taa nikaanza kulia, na katikati ya kilio nikamwambia yote, tangu nguo za mama hadi robo ya kushoto. Alingoja nimalize kama alivyongoja malori.

"Nyumbani kwenu ilikuwa nzuri?" akauliza.

"Ilikuwa nzuri sana."

"Najua. Ulifanya sawa." Alisema bila kejeli. "Sikio lako ni zuri. Lakini ulisikiliza nyumbani, na gari haikai nyumbani."

Alinipa ufunguo. Akanifanya niinue sahani mimi, nizungushe mimi, yeye amesimama na mikono nyuma. Nilipozidisha alisema hapana. Nilipokaribia alinyamaza. Plagi ilipotoka na rangi ya chai alinionyesha, akaifuta kwa koti lake.

"Leo nitamwambia Baba," nikasema.

"Hapana. Wacha."

"Kwa nini ulisema ni wewe? Wewe hukukosea kitu. Atawaambia watu wote."

Aliinua mabega. "Mimi naenda, beti. Wewe unabaki naye."

Nilimtii, na sijui mpaka leo kama utii huo ulikuwa heshima au woga. Nadhani ulikuwa woga uliojifunika shuka ya heshima. Gari lilipanda na kushuka bila kikohozi. Moshi wa asubuhi ulirudi kidogo na mama hakuulalamikia tena. Lakini baba hakumtaja fundi. Mke wa fundi alimpigia mama simu, akatualika chakula cha kuagana siku ya kuondoka, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kabla ya gari la Nairobi kuwachukua saa sita. Baba alisema ana mbegu za viazi za kuchagua.

Jumamosi asubuhi alikuwa barazani, kweli anachagua viazi, vya mbegu huku, vya kula huku. Nilimtazama kupitia dirisha. Alikiinua kiazi kimoja, akakitazama, akakiweka, akakiinua kile kile tena. Siku kumi na tisa alikula katika sahani ya mtu yule. Nikaona kwamba kama nitanyamaza mpaka saa sita, nitanyamaza maisha.

Nilitoka nikasimama mbele yake.

"Baba, si fundi aliyekosea. Ni mimi. Niliigusa ile skrubu."

Aliendelea kuchagua. Mkono ulikwenda kwenye gunia, ukarudi.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Na yeye fundi, anajua?"

"Alijua siku ile ile. Aliona."

Mkono ukasimama. Nilingoja anipigie kelele; nilizitaka zile kelele. Hazikuja.

"Aliniacha nimwambie yale yote," akasema taratibu, "na wewe umesimama hapo."

"Ndiyo, Baba."

Aliinuka, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akavaa koti.

"Leta ufunguo wa gari," akasema. "Na wewe panda."

Tuliushuka mlima wote mpaka Salgaa ikaonekana. Nilidhani hatanisemesha tena maishani.

"Ulizungusha kiasi gani?" akauliza ghafla.

"Robo."

"Kushoto?"

"Kushoto."

Akatikisa kichwa, macho barabarani. Saa ya dashibodi ilikuwa imekaribia saa sita, naye akaongeza mwendo.

Gari la kwenda Nairobi lilikuwa tayari limesimama langoni, masanduku yamefungwa juu kwa kamba. Majirani walikuwa wengi uani: Wahindi, Waislamu wa duka la vyuma, akina mama wa kanisa la barabara ya pili. Fundi alikuwa katikati yao amevaa suti iliyopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza nilimwona bila ovaroli. Baba hakusalimia mtu. Aliliingiza gari letu mpaka ndani ya uwanja, karibu akanyage mikeka, akaliacha likinguruma, akashuka na kufungua boneti.

"Fundi," akasema. Sauti yake haikuwa ya shuleni. "Linasumbua. Hebu liangalie."

Gari lilikuwa linanguruma sawasawa, hata asiyejua injini angesikia. Fundi alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kwamba nimesema. Alivua koti lake la suti, akampa mkewe. Akaja akainama upande wake, na baba akainama upande wa pili, vichwa vyao karibu vigusane juu ya injini.

Alisikiliza. Aliinua ile sahani kwa kidole, injini ikayumba kidogo na kurudi, kama inavyotakiwa. Hakuomba ufunguo. Hakugusa skrubu.

"Iko sawa, mwalimu," akasema.

"Hapana," baba akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyafuta. "Mimi nimekosa sana, fundi. Sikiliza tena."

Dereva wa Nairobi alipiga honi. Mke wa fundi alimwashiria kwa mkono angoje.

"Iko sawa, ndugu yangu," mzee akasema.

"Sikiliza tena," baba akasema, na fundi akainama tena.